Kusitiri si Kuficha: Matembezi ya Unguja

Mgeni ashukaye bandarini Unguja huonyeshwa kwanza Forodhani, kisha Ngome Kongwe, kisha milango ya miti iliyochongwa ambayo sifa zake zimeenea ulimwenguni. Wachache ndio wavukao Darajani wakaingia Ng'ambo, na wachache zaidi ni wale wafikao Kidongo Chekundu. Sisi tulikwenda huko, wala hatukwenda kutazama milango.

Jina la Kidongo Chekundu, kwa wenyeji wa mji, tangu zamani ni jina la hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtu huona haya hata kulitaja mbele ya wakwe. Lakini tangu mwaka 2015 pana kazi nyingine hapo. Asubuhi huja watu kwa miguu, kwa baiskeli na kwa daladala, wengi wao vijana, wakasimama kungoja zamu. Kila mmoja huitwa, hupewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, huinywa mbele ya mtoaji dawa, kisha huenda zake. Kesho hurudi. Dawa hiyo huitwa methadoni, nao ni watu waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini. Kwa upande wa Bara kazi hii ilianza Muhimbili mwaka 2011.

Unga huu haukuota Unguja. Hutoka Afghanistan, hupita pwani ya Makran, na sehemu yake hupakiwa majahazini kuja huku kwetu, katika bahari ileile ambayo pepo za kaskazi zilituletea tende na mazulia. Ulianza kuonekana Unguja, Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980. Kwanza ulikuwa wa rangi ya kahawia, ukivutwa kwa moshi. Ilipokaribia kwisha miaka ya 1990 ukaja mweupe, uyeyukao upesi katika maji, na hapo ndipo sindano ilipoingia, na pamoja na sindano zikaingia maradhi ya ukimwi na ya ini. Kwa hiyo aendaye kutafuta dawa hiyo hupimwa na maradhi hayo pia, pamoja na kifua kikuu.

Huenda msomaji akauliza: je, hivi si kuutoa ulevi mmoja na kuuweka mwingine? Swali hili nililisikia mara nne kwa siku moja, na mara tatu lilitoka kwa wazazi. Aliyezoea unga hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Akishuka hupatwa na arosto, na arosto ndiyo imtumayo kuiba kanga ya mamake. Methadoni, ikipimwa sawasawa, hukaa mwilini mchana na usiku. Haimpandishi wala haimwangushi, basi akili humtulia akaweza kufanya kazi na kusimama katika sala. Huenda akaitumia miaka. Jambo la hukumu yake na la saumu ya Ramadhani aulizwe mwanachuoni pamoja na daktari, wote wawili, wala lisikatwe barazani na mtu asiyejua fiqhi wala tiba.

Na hapo barazani ndipo penye maneno yangu. Nyumba zetu za pwani zimejengwa kwa hekima: nje pana baraza ambapo apitaye hukaa, kisha pana ukumbi, kisha ndani, ambako mgeni haingii. Nyumba yenyewe humfundisha mtoto kwamba yako ya nje na yako ya ndani. Jambo hili ni zuri, na dini yetu imeusifu usitiri. Bali nimeona nyumba nyingi ambazo kusitiri kumegeuka kuwa kuficha, na haya ni mambo mawili mbalimbali. Kusitiri ni kumkinga ndugu yako na ndimi za watu. Kuficha ni kumkinga na daktari. Wa kwanza hupona, na wa pili siku moja hukutwa chooni, mlango umefungwa kwa ndani.

Nilikaa na mama mmoja katika majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, akanitilia kahawa, kisha akanieleza kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa peke yetu. Mwanawe alitumia unga miaka sita, na katika miaka minne ya mwanzo hapana aliyeambiwa. Kaka yake bibi huyu hakujua. Imamu hakujua. Watu wakiuliza mbona kijana amekonda, jibu lilikuwa malaria. Alilipa madeni ya mwanawe kwa siri, akauza bangili zake mbili, na kila deni alilolilipa lilizaa jingine. "Nilidhani namsitiri," aliniambia, "kumbe nilikuwa namnunulia."

Neno hili lina ukweli wake. Fedha taslimu mkononi mwa mwenye kiu hiyo ni unga, hata ikiitwa nauli. Ampendaye na amlishe, ampe nguo, aende naye kliniki na kumlipia nauli mwenyewe. Lakini asimpe fedha, wala asimlipie mwuzaji. Na vitu vya nyumba vifungiwe, tena bila ya matusi. Kufunga kabati ni kumpunguzia mgonjwa mtihani. Matusi hayampunguzii chochote.

Wako wazazi wafanyao kinyume: humfukuza kijana, wakamtangaza msikitini kwamba si wao tena. Nimewasikia wakisifiwa kwa ukali huo, nami siwasifu. Afukuzwaye huenda maskani, na huko watu wake ni wale wale. Lakini simwambii mke apigwaye, au mwenye watoto wadogo walio hatarini, kwamba avumilie ndani. Huyo na aondoke na wanawe akae kwa wazee wake, na msaada wa mume utoke kwa wanaume wa ukoo. Kumpenda mgonjwa hakuwalazimishi wengine kuumia.

Nyumba nyingine hutumia chumba na kufuli. Kijana hufungiwa juma zima mpaka arosto ipite: kamasi na machozi, mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, usiku bila ya usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali, na baada ya juma moja hupungua. Mlango hufunguliwa, watu husema alhamdulillahi, amepona. Jamani, hapo ndipo pa kuogopwa zaidi! Mwili wake umekwisha sahau kipimo cha zamani, lakini roho yake haijasahau. Akirudia mara moja tu kwa kiasi kile kile alichokizoea, pumzi zaweza kukatika. Kila mtu wa nyumba na azijue dalili zake: usingizi usioamshika, pumzi za mbali mbali, midomo kuwa ya buluu au kijivu. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali upesi. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo hurudisha pumzi ikiwahi. Na aliyezoea pombe kali au vidonge vya usingizi asikatishwe ghafula nyumbani hata kidogo, kwani huyo kukatisha kwenyewe kwaweza kumletea kifafa na mauti.

Wengine humpeleka mgonjwa shamba, au Pemba kwa mjomba, au hata Oman kwa jamaa. Kumtenga na maskani kuna faida, sikatai, ila mjomba aambiwe ukweli kabla mgeni hajashuka. Wengine husema amehusudiwa, wakatumia kwa waganga mali ambayo ingemtibu. Dua na kisomo cha Kurani ni haki yake, asomewe, na asubuhi apelekwe kliniki.

Liko moja linalonikera kuliko yote. Husemwa: mwozeni, atatulia. Huchukuliwa binti wa watu, ambaye hakuambiwa lolote, akafanywa dawa ya ugonjwa asioujua. Mzee wa bwana harusi huketi mbele ya kadhi na kuisoma Fatiha hali akijua analoficha. Sitara gani hii, ambayo mwisho wake ni nyumba ya pili kuingia msibani?

Msomaji akumbuke kwamba katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, palikuwa na mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye alikuwa akiletwa kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa, kisha akaletwa tena. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Bukhari amepokea kwamba Mtume aliikataza laana hiyo, akamshuhudia mtu yule kwamba alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, wala kosa halikuitwa halali. Lakini mtu hakutolewa katika watu. Na yeye hakuwa mtu aliyeanguka mara moja! Basi nyumba inayosema "tulimsaidia, naye amerudia, tumemaliza" na ijipime kwa habari hii. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa kwa wengi wao. Sharti ni kwamba akirudia aseme siku ile ile, na hatasema katika nyumba ambayo kusema ni kufukuzwa.

Nje ya mji, kwenye minazi, tulifika katika soba, ndiyo jina wanaloziita nyumba za upataji nafuu. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua, vitanda vya ghorofa, jiko la kuni na ratiba ukutani. Huamka kabla ya alfajiri, husali, hufagia, hupika kwa zamu, kisha hukaa duara wakazungumza hali zao. Katika mazungumzo hayo hufuata zile hatua kumi na mbili zilizoanza Marekani kwa walevi wa pombe na ambazo watumiaji wa dawa walijiundia umoja wao kwa hizo mwaka 1953. Msimamizi mwenyewe alikuwa mtumiaji zamani. Nilimwuliza jamaa wamsaidieje atokaye hapo. Alicheka kidogo akasema kwamba kwao huja watu wa aina mbili: wanaomleta mgonjwa wasionekane tena hadi siku ya kumchukua, na wanaompigia simu kila saa kuuliza kama amepona. Alitamani aina ya tatu. Alisema atokaye apewe kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza, hata ya kuchota maji. Atumwe dukani kwa fedha kidogo, ajapo na chenji asihesabiwe mbele ya watoto. Asindikizwe kwenye mikutano yake. Na asikumbushwe bangili zilizouzwa. Aaminiwe kidogo kidogo, kama mtu anayejenga kwa matofali aliyonayo.

Nyumba kama hizo kwa wanawake ni chache mno. Kijana wa kiume akipona husemwa ameongoka, ama msichana hubaki na jina lake hata baada ya kupona, kwa hiyo ndugu zake humficha zaidi, naye huchelewa zaidi. Sikuona katika safari yangu jambo lenye haja kubwa kuliko hili.

Siku ile ilikuwa ya kutembelewa. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alikuja na mkate wa mofa ndani ya gazeti, akaketi na mwanawe kwenye mkeka chini ya mnazi. Wakala, wakasema machache. Wakati wa kuondoka alimwita msimamizi pembeni.

"Bwana, mimi hukaa barazani kila magharibi. Watu wananiuliza kijana yuko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie yuko kwenye matibabu, mzee wangu. Waliobaki na swali, waombe dua."

Mzee akafikiri, akaiweka sawa kofia yake, akasema: "Hayo nitaweza kuyasema." Kisha akauliza siku ya kutembelewa ijayo ni lini, na kama yafaa kuja na mamake kijana, ambaye hajamwona tangu mfungo mosi.