Issenye, Serengeti Isiyohitaji Lenzi Ndefu

Sidhani kama kuna kipande cha ardhi ya Tanzania kilichopigwa picha kuliko Serengeti. Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael waliizunguka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakatengeneza filamu iliyotoka mwaka 1959 na kutwaa Oscar mwaka uliofuata. Michael hakuiona tuzo hiyo. Alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifunga kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125 za hifadhi, kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, na maelfu ya watu wa kujitolea duniani wakawa wanakaa majumbani mwao na kutambua nyumbu, fisi na swala kwenye kompyuta. Hapo hujawataja watalii. Simba wa Seronera amezoea kamera kuliko waziri.

Sasa toka hifadhini kwa upande wa magharibi. Vuka mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, mpaka pale nyasi zinapoachia nafasi mahindi, mtama, mihogo na pamba. Huko ndiko iliko kata ya Issenye, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, jirani na Nata na Ikoma. Magari ya watalii hupita njia za huku vioo vikiwa vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, na kamera zimelala mikobani. Wenyewe wanamtunzia chui chaji. Picha za Issenye nilizowahi kuziona kabla ya kufika zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa za uzinduzi: watu wamejipanga mstari, utepe, mkasi, mgeni rasmi.

Mimi nilikwenda na simu. Si ya bei kubwa, na kioo chake kina ufa kwenye kona. Lenzi yake haifiki mbali: ukijaribu kumvuta mbuzi aliye ng'ambo ya barabara, anageuka ukungu wenye pembe. Porini hiyo ni hasara. Kijijini ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu inakulazimisha usogee, na huku Mara husogei kwenye ua wa mtu bila kusalimia. Shikamoo huzaa "umetokea wapi?", swali hilo huzaa kigoda, kigoda huzaa kikombe cha uji au chai, na picha huja mwisho kabisa, wakati mwenye nyumba mwenyewe anakuonyesha kitu ambacho usingekiona. Mwenye lenzi ndefu kama mchi hapewi kigoda, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yupo.

Kutoka Mwanza unapanda basi la Musoma, unashuka Bunda, kisha unatafuta gari la kwenda Nata. Anayetokea Musoma anaweza kupita Makutano na Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere, kwa barabara ambayo imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Nilichagua Bunda kwa sababu ya michomoko. Msomaji wa Dar es Salaam asiyeijua mchomoko afikirie gari dogo la abiria wanne lililokubali kubeba wanane, dereva akiendesha ameegemea mlango kwa sababu kiti chake kina mwenzake. Picha yangu ya kwanza ya safari ilipigwa humo humo: jogoo ametoa kichwa kwenye kikapu kilicho mapajani mwa bibi mmoja, anaitazama simu kwa jicho moja, kwa dharau iliyokamilika. Bibi aliiona picha akasema, "Huyo ndivyo alivyo hata nyumbani."

Kwenye senta ya Issenye, kitu kilichonishika muda mrefu kuliko vyote kilikuwa duka la kuchaji simu. Juu ya bati kuna paneli ya sola, ndani kuna ubao mrefu, na juu ya ubao wamelala vitochi vya kijiji kizima, kila kimoja na waya wake. Vingi vinafanana, kwa hiyo mwenye duka amevitambulisha kwa njia zake. Kimoja kimefungwa kipande cha kitenge. Kingine kimevalishwa mpira wa manati. Kuna kilichobandikwa plasta ya kidonda ili betri isitoke, na juu ya plasta pameandikwa kwa kalamu "Baba wa pikipiki mbovu". Nikapiga kutoka juu, halafu kutoka pembeni ili waya zote zionekane, halafu karibu sana. Mama mwenye duka akaniruhusu yote isipokuwa moja. "Hiyo ya mwisho usiipige, mwanangu. Mwenyewe anadaiwa, ikionekana mjini watajua simu iko hapa." Nikaiacha. Ile nafasi tupu kwenye picha, pembeni kulia, ni ya mdaiwa.

Maandishi ya ukutani yanataka siku yake. Maneno yanayojulikana Tanzania nzima, NYUMBA HII HAIUZWI, nimeyakuta Issenye pia, kwa rangi nyekundu kwenye tofali za kuchoma. Anayeyaandika ana sababu: amesikia ndugu, mume au tapeli anatafuta mteja kwa siri, na rangi ni nafuu kuliko wakili. Chini ya maandishi hayo mkono mwingine ulikuwa umeongeza kwa mkaa, kwa herufi za mtoto: "hata mbuzi". Hatua chache mbele kuna kinyozi ambaye mchoraji wake amemchorea vichwa vinne vya wateja vyenye mitindo minne ya nywele na sura moja tu, sura ambayo, nikimtazama kinyozi mwenyewe, niliitambua mara moja. Pikipiki nazo zina maneno kwenye vibao vya matope, lakini hayo nimeyaona Mwanza, nimeyaona Morogoro, sikuhangaika nayo.

Nilivyopendelea zaidi ni vitu vinavyoishi maisha ya pili. Shuleni, ringi ya lori imening'inizwa kwenye tawi kwa mnyororo, kando yake kipande cha nondo: hiyo ndiyo kengele, na sauti yake inafika hadi mtoni, ambako baadhi ya wanafunzi wanakuwa bado wanaoga. Tairi la gari hilo hilo, au la binamu yake, limekuwa katambuga. Ukimwomba mzee avue moja na kuigeuza, utaona kashata za tairi bado zimesimama kwenye soli, na wakati mwingine herufi za kiwanda zimekatwa katikati, ili mguu wa kulia ubebe nusu ya jina na wa kushoto ubebe iliyobaki. Mzee niliyemwomba alikubali kwa sharti kwamba katambuga ipigwe peke yake, bila mguu, kwa kuwa mguu wake, alisema, hauna cha kuonyesha watu wa Dar. Kopo la maziwa ya unga limekuwa kibatari. Salfeti ya mbolea imekuwa mlango wa bafu, na upepo ukivuma mlango unatangaza kilo hamsini.

Tofauti ya Issenye na senta nyingine za Kanda ya Ziwa unaiona ukitoka kidogo kwenye nyumba na kufuata njia ya mashambani. Huko kuna uzio ambao mgeni hauelewi: kamba imepitishwa kwenye miti iliyochomekwa ukingoni mwa mahindi, na kwenye kamba yametundikwa matambaa meusi yanayonuka. Ni oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Tembo ana pua ndefu kuliko mwenye shamba, na ndani ya mkonga wake pilipili inamuwasha kabla hajafika kwenye hindi. Mvua ikinyesha pilipili husafishika, oili hupungua nguvu, na kazi inaanza upya. Wengine huongeza makopo yanayogongana kwa upepo. Usiku kuna tochi, madebe ya kupigwa na watu wasiolala. Ukiwasikia watu wa mjini wakisema "wanaishi na wanyama" kwa sauti laini, wakumbushe matambaa haya.

Kwenye shamba moja uzio ulishindwa. Mama mwenye shamba alinipeleka kwenye unyayo uliobaki kwenye udongo mkavu, mpana kuliko sinia la wali. Aliuzunguka kwa heshima fulani. Pembeni kulikuwa na nyayo nyingine tatu, halafu hakuna kitu kwa hatua kadhaa, halafu mahindi yaliyolala chini. "Hapa ndipo aliposimama akafikiri," akasema. Hasira hakuwa nayo, au alikuwa ameshaimaliza. Nikamwomba aweke kandambili yake ndani ya unyayo ili mtazamaji apate kipimo, akaiweka, kisha akaikung'uta vumbi akavaa na kuendelea kupalilia. Picha ya namna hiyo usiipige adhuhuri. Jua la utosini linafuta kila shimo, unyayo unageuka udongo wa kawaida. Ipige saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa linatambaa, na uiname mpaka goti liguse chini. Na ufute lenzi kwanza kwa kitambaa safi. Vumbi la Issenye haliombi ruhusa.

Kwenye mawe makubwa yaliyotambaa ardhini wanawake huanika udaga. Ukiutazama kutoka juu ya jiwe la jirani, vipande vyeupe vya muhogo juu ya jiwe la kijivu vinafanya michoro ambayo mtu wa matangazo angelipia fedha nyingi. Waanikaji hawakuwa na habari na mchoro. Walikuwa na habari na mbuzi, waliokuwa wakija kwa zamu.

Mahali hapa pana kumbukumbu ambayo simu haipati, lakini inafaa kuijua kabla hujaanza kubofya. Waissenye husimulia makazi yao ya zamani, Nyiberekera, ndani ya ardhi ambayo leo ni hifadhi ya taifa, waliyoihama katika karne ya 19 kwa njaa na mashambulizi ya Wamaasai. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, anaonyesha kwamba wazee wa Nata, Ikoma, Issenye, Ikizu na Ngoreme huhifadhi historia kwa majina ya mahali kuliko kwa tarehe: kilima fulani, chemchemi fulani, mahali ambapo ukoo ulilala. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikapangwa upya mwaka 1959, mahali pengi kati ya hapo pakabaki upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo katika picha ya mtalii ile nyika ni tupu na safi, kana kwamba haikuwahi kuwa na mwenyewe. Nilipomwonyesha mzee wa katambuga picha ya nyika hiyo kwenye simu yangu, hakumtazama nyumbu aliyekuwa katikati. Aliweka kidole kwenye kilima cha nyuma, akakitaja jina, kisha akaanza kutaja vilivyofuata.

Baada ya hapo nilibadili jinsi ya kupiga. Kila picha niliiandikia jina la mahali, si la kitu tu: mwembe gani, kijito gani, njia ya kwenda kwa nani.

Neno kuhusu adabu, kwa sababu vituko na kejeli vinakaa nyumba moja. Kuna picha za vijijini zinazosambaa kwenye simu zetu ambazo shabaha yake ni kumcheka mtu kwa kuwa hana. Kibao kilichokosewa tahajia kinachekesha mara moja. Ukikirudia unamtesa mchoraji aliyelipwa soda. Watoto waombewe ruhusa kwa wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu inaweza kuwa taarifa yake, lakini hata bila sheria, aliyekupa kigoda ana haki ya kujua picha yake inakwenda wapi. Kipimo changu ni rahisi: picha ambayo siwezi kumwonyesha mwenyewe palepale, kwenye kioo chenye ufa, siipigi.

Nenda Juni au Julai. Masika yanakuwa yamekwisha, njia zinapitika, mavuno yako nje, na nyumbu wanaohama wanaweza kuwa upande huu wa magharibi mwa hifadhi, kama huwezi kurudi nyumbani bila nyumbu. Jioni agiza ugali wa udaga na dagaa, au kichuri kama tumbo lako ni la Mara. Na kabla hujapanda basi la kurudi, pita steshenari Bunda au Mugumu, chapisha picha ulizopiga, ziandike majina nyuma, umkabidhi dereva wa mchomoko azipeleke senta, kwa mama wa kuchaji simu. Yeye anamjua kila mtu, na wenye deni atawapelekea mwenyewe.