Betri Chini ya Runinga

Miaka ya 1990, nyumba nyingi za Wamunyu, kwetu Ukambani, zilizokuwa na runinga zilikuwa pia na betri ya gari chini ya meza. Stima ilikuwa haijatufikia huku vijijini. Picha ilipoanza kusinyaa katikati ya taarifa ya habari, tulijua kesho yake betri itafungwa nyuma ya baiskeli, ipelekwe sokoni kuchajiwa.

Safari hiyo ndiyo iliyotufundisha kuiogopa asidi. Betri ikilala upande, asidi ilivuja kwenye vifuniko, na suruali iliyoloa ikatoboka ilipofuliwa. Mama aliwahi kuinyunyizia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, povu likatoka, kisha akaisuuza kwa maji mengi. Alikuwa sahihi kabisa: magadi huua makali ya asidi.

Pale sokoni, kibanda cha fundi wa kuchaji betri kilipakana na wachongaji wa vinyago, watu wa kazi iliyoletwa kwetu na Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wao walivuta sigara. "Wazee wangu, mvutie kule barabarani," fundi aliwaambia, na mlango wake ulikuwa wazi hata siku za upepo. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua, asidi ikaruka hadi machoni. Kwa hiyo alizima chaja kwanza ndipo akachomoa nyaya. Alipima kwa haidromita uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji: 1.26 na zaidi, imejaa. Chini ya 1.2, inarudi kwenye chaji. Mwisho alijazia maji ya betri ya dukani, kamwe si ya kisima. Visima vingi vya Ukambani vina chumvi, nayo huharibu sahani za risasi zilizo ndani.

Alichoshindwa ni kutushawishi tuzime runinga mapema. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, injini iwake, si kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Ikikaa tupu, salfeti hugandamana kwenye sahani na haitoki tena. Zetu zilikufa upesi.

Zilizokufa zilipasuliwa kwa shoka. Asidi ilimwagwa chini ya mti, vijana wakayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu, nasi watoto tukasimama kwenye moshi tukitazama. Hakuna aliyetufukuza, na hilo bado linaniuma. Asidi huunguza papo hapo, kwa hiyo kila mtu alijihadhari nayo. Risasi huingia kimya kwenye damu na ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kenya ililielewa hilo kwa gharama kubwa huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mtoto wake alipatikana na risasi mwilini, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa.

Wamunyu ya leo ina stima na sola ndogo za betri za lithiamu, na kibanda cha kuchajia hakipo. Betri za risasi, hata hivyo, zimejaa kwenye matatu na pikipiki, nyingi zikiwa zimezibwa kabisa, na wanunuzi wa vyuma chakavu huzitafuta nyumba kwa nyumba. Yangu ikifa naisimamisha ndani ya karai la plastiki, nzima na asidi yake, naipeleka kwa aliyeniuzia, naye hunipunguzia bei ya mpya.