Chini ya Nyaya za Kolwezi

Mtu atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi hupita njia ya kilomita zipatazo 300, na mji wa Likasi humlaki katikati. Sisi tuliipita njia hiyo wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na moshi umetanda juu ya miombo. Vitu viwili tuliviona tangu asubuhi hata jioni: minara ya chuma iliyobeba nyaya za umeme, na vijana waliosukuma kinga zilizolemewa na magunia ya makala.

Makala hayo, wasomaji wapenzi, ndiyo yanayopika bukari ya Lubumbashi. Mchomaji hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiwasha na kuilinda usiku na mchana, maana hewa ikiingia kwa wingi kuni zote hugeuka majivu. Kwa kilo moja ya makala huteketea kilo tano za kuni, pengine saba. Basi kila mwaka mwitu unazidi kujitenga na mji, na kijana wa kinga anazidi kutoka mbali. Wako wanaomlaumu kwamba anaharibu nchi. Sisi hatukuthubutu, kwa kuwa katika nyumba za wanaomlaumu chakula hupikwa kwa makala yale yale.

Si kwamba nchi hii imekosa nguvu ya maji. Katika Mwadingusha, juu ya mto Lufira, mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Ikafuata ile ya Koni, kisha katika miaka ya 1950 zikajengwa Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba. Mito hiyo haichomi mafuta wala haitoi moshi. Lakini tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuyeyusha shaba na kuendesha mashine za machimbo. Umeme ulitoka mtoni ukaenda kiwandani, na kijiji kilichokuwa katikati hakikuhesabiwa. Hata siku hizi, Mwadingusha ilipotengenezwa upya, kampuni ya machimbo ndiyo iliyotoa fedha, nayo hupata umeme kwa malipo hayo. Hatusemi ni wizi. Mwenye fedha ametengeneza kilichokuwa kimeharibika, na bila yeye pengine mitambo ingelala.

Tulisimama katika kijiji kimoja kupita Likasi kununua mihogo. Mnara ulisimama nyuma ya nyumba, karibu kuku waweza kulala chini yake. Mzee mwenye duka alikuwa na kipande cha paneli ya jua juu ya nyasi za paa, cha kutia moto simu za jirani. Tukamwuliza kuhusu nyaya zile.

«Ee Mwalimu,» akajibu, «hizo ni wageni wapitao. Hutusalimu kwa mlio wakati wa mvua, wala hawaingii ndani.»

Kolwezi ndipo mambo hayo yanapoonekana kwa ukubwa wake. Hapo hufika waya utokao Inga, karibu na mlango wa mto Congo, baada ya safari ya kilomita 1.700 hivi. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na waya huo ukaanza kazi baada yake ili kulisha machimbo ya Katanga. Umeme wake ni wa namna isiyogeuka mwendo, inayofaa kwa safari ndefu kwa sababu haupotei sana njiani. Walakini hauwezi kuteremshwa popote utakapo: kila pahali pa kuutoa panahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, chenye gharama nyingi mno. Ni kama gari moshi lililojengewa vituo viwili tu, mwanzo na mwisho. Unapita juu ya Kasai, na watu wa Kasai huwasha vibatari. Fundi hana kosa, alijenga alichoagizwa. Waliokata shauri ndio waliochagua nani apate.

Leo shauri kama hilo limerudi kwa sura nyingine. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Congo, nyingi katika udongo wa Kolwezi na jirani zake, nayo hutiwa katika betri za magari yasiyotoa moshi. Miji ya mbali itapata hewa safi. Mama wa Kolwezi huinama bado juu ya mbabula, akipuliza makala.

Twajua kwamba yawezekana kufanya vingine. Matebe, katika Rutshuru, ilianza mwaka 2015 na megawati zisizofika 14, nayo ikaanza kwa kuwapa jirani zake umeme wa nyumba na wa vinu vya unga. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliagiza pia pawe na wakala wa umeme wa vijijini. Na mwezi wa Juni 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kwanza kwa matayarisho ya Inga 3, sehemu yake ikiwa ya vijiji vinavyozunguka Inga.

Waya mpya zikitandikwa kutoka huko, vituo vihesabiwe kabla ya mnara wa kwanza kusimama. Mzee wa kupita Likasi alituuliza mashine ya kusaga mahindi inahitaji nguvu kiasi gani. Tukamjibu kwamba kwa moja ya kijiji kilowati kumi zatosha. Akatazama juu, akauliza mle ndani zinapita ngapi.