Miezi 18 Isipite Hivihivi

Maisha yangu ya kazi yamekuwa ya tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, na watoto wadogo wa wilaya za Hanang na Mbulu ndio walionijengea msimamo ninaoutetea hapa: mtoto aliyechelewa kukua agunduliwe siku ya chanjo, na tiba yake iendelee nyumbani, ndani ya shughuli ambazo mama anazifanya kila siku. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, tunaihitaji kwa uchunguzi mzito. Mtoto mwenye degedege, aliyekakamaa viungo au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao apelekwe hospitali bila kungoja. Lakini kushika kijiko hakufundishwi kwa safari ya mara mojamoja kutoka kata ya Mogitu, Hanang. Mtoto hukijua kijiko kwa kukishika kila mlo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kila mtoto ana wakati wake. Ni kweli, ila wakati huo una mwisho. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na vipimo vyake vya mwaka 2006 vinaonyesha kwamba mtoto hukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na hutembea mwenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Mipaka hiyo ya mwisho inaangukia siku za chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18. Mama yupo kliniki na kadi anayo. Tukiishia kwenye mizani tu, tutajua mtoto ana kilo ngapi bila kujua anaweza kufanya nini.

Pingamizi la pili ni vifaa. Jean Ayres, Mmarekani aliyeasisi tiba ya hisia, inayomzoesha mtoto miguso na mienendo, na kuchapisha kitabu chake cha msingi mwaka 1972, alitumia bembea na vifaa vya kuning'inia, na wengi huamini kwamba pasipo chumba chenye vifaa vya namna hiyo hakuna tiba. Hata hivyo, mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitahadharisha kwamba ushahidi wa tiba hiyo bado ni mdogo. Naikubali tahadhari hiyo, na ndiyo sababu sidai kwamba kuchezea nafaka kunatibu ubongo. Dai langu ni dogo zaidi: mtoto anayekataa ugali kwa kuchukia mguso wake azoeshwe mahindi makavu, kisha unga, kisha unga uliolowa, kwa hatua anazozimudu. Kipimo chetu kiwe kula kwake. Mahindi na unga viko katika kila jiko la Mogitu.

Wengine husema mama anayelima, kuchota maji na kukamua ng'ombe hana nafasi ya mazoezi. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo inayonizuia kumwongezea saa moja ya kazi. Kuoga, kuvaa na kula vipo tayari. Kinachobadilika ni namna ya kumkalisha mtoto na kumpa muda ajaribu mwenyewe. Bibi na dada zake waelekezwe pia, kwa Kiiraqw au Kidatoga inapobidi.

Kwa hiyo namwomba kila muuguzi wa kliniki: kabla ya sindano ya miezi 18, mwombe mama amweke mtoto chini, umwone akitembea. Asipotembea, usimwambie mama asubiri.