Safari ya Igoma

Mji wa bandari una tabia moja isiyobadilika: haumwulizi mtu atokako kabla ya kumpokea. Maji huleta na nchi kavu hupokea. Aliyeletwa na pamba, aliyeletwa na samaki, aliyeletwa na vita na aliyeletwa na njaa, wote hushuka penye gati moja. Swali la atokako mtu huja baadaye, na aghalabu huja siku ya msiba, wakati jeneza limekwisha tengenezwa na watu wanaulizana lielekezwe njia ipi.

Swali hilo ndilo lililomtoa mtu mmoja wa Katoro nyumbani kwake katika mwezi wa Julai mwaka 2025, akasafiri kwenda Mwanza. Katoro yenyewe ni ile ya Geita, wala si ile ya Bukoba yenye jina kama hilo. Naye, kwa kuwa ni Mhaya kwa kuzaliwa, alikuwa amezoea kuieleza tofauti hiyo kila alipotaja makao yake mbele ya jamaa zake. Umri wake ulikuwa miaka 38, na kazi yake ilikuwa kuuza vifaa vya wachimbaji: kamba, sululu, nyundo, tochi na mipira ya kuvutia maji.

Katoro ni mji uliozaliwa na barabara ukalelewa na dhahabu. Umekaa kando ya njia itokayo Geita kwenda Biharamulo, umeshikana na Buseresere hata mgeni hawezi kutambua mmoja unakoma wapi na mwingine unaanza wapi. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, ulifunguliwa upya mwaka 2000. Lakini Katoro haikulishwa na mgodi huo peke yake. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na vijiji vingine waliilisha vilevile, watu ambao husikia habari za mshipa mpya asubuhi, na jioni wakawa wamekwisha hamia. Wasukuma na Wazinza walikuwapo; wakaja Wahaya, Waha, Wajita, Wakurya na wengine wengi. Kila mmoja alikuja kutafuta, na kila mmoja alisema atarudi. Katika mji wa namna hiyo watu hujenga nyumba za kupangisha kabla ya kujenga za kukaa, na wafu husafirishwa. "Hapa ni pa kutafutia," husema wakazi wake, "kwetu ni kwingine."

Baba wa mtu huyu alikuja kuchimba katika nchi ya Geita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipopata kidogo alimtumia mkewe nauli amfuate. Mke alimwacha mtoto wao wa miaka 9 kwa bibi yake, akapanda meli ya MV Bukoba pamoja na mikungu yake ya ndizi. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli hiyo ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 walikufa, na wengi walioopolewa pasipo kutambuliwa walizikwa Igoma, upande wa mashariki wa mji. Mume alifika Mwanza siku ya nne. Alipita mbele ya maiti akiwa ameziba pua kwa kitambaa. Hakumwona mkewe, au alimwona asimjue. Aliambiwa kwamba, kama amepatikana, yuko Igoma. Hakwenda kuona. Alirudi machimboni, akamchukua mwanawe kutoka Bukoba mwaka uliofuata, na katika miaka yote iliyopita baina ya siku ile na hii hakulitaja jina la Igoma ndani ya nyumba yake.

Mwaka huo wa 2025 mzee alikuwa amekwisha pita miaka 70, na kifua chake, kilichovuta vumbi la mawe kwa muda mrefu, kilikuwa kimeanza kumsumbua. Mdogo wake akapiga simu kutoka Bukoba. Alisema kwamba mahali pamekwisha tengwa katika kibanja cha ukoo, kando ya kaburi la baba yao, chini ya migomba. Kwamba mtu hazikwi kwenye vumbi la wapita njia. Na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mwanawe bila kujibu. Usiku alimwita akamwambia:

"Mwanangu, nenda Igoma. Katazame mama yako amelala na nani. Kisha uje uniambie."

Hakusema zaidi. Mwana hakuuliza zaidi, kwa kuwa alikuwa na deni lake mwenyewe katika jambo hilo. Miaka yote hiyo alikuwa amekwenda Mwanza mara chache tu kwa ajili ya biashara, akavuka kwa kivuko cha Busisi akiwa amefumba macho ndani ya gari, akanunua alichokwenda kununua, akarudi. Igoma alikuwa hajafika.

Safari hii hapakuwa na kivuko cha kungojea. Daraja kubwa linaloitwa kwa jina la Rais Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi kutoka Busisi mpaka Kigongo, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni, wiki chache tu kabla yake. Safari ya majini iliyoweza kumpotezea msafiri saa mbili ilikuwa sasa ni ya dakika chache. Abiria walitoa vichwa madirishani wakashangilia. Yeye aliyatazama maji kwa mara ya kwanza. Yalikuwa matulivu, ya rangi ya chuma, na mtumbwi mmoja ulikuwa ukipita mbali kama sisimizi juu ya sahani. Akaona kwamba kitu alichokiogopa utoto wake wote kilikuwa, siku ile, kizuri; na uzuri ule ulimwumiza kuliko hofu.

Mwanza ni mji wa mawe na maji. Majabali yamepandana juu ya vilima, na nyumba zimejipenyeza kati yake. Husemwa kwamba jina lake linatokana na neno nyanza, lenye maana ya ziwa. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1892, na jabali lisimamalo majini karibu na bandari bado linaitwa kwa jina la Bismarck, ingawa Wajerumani wenyewe waliondolewa mwaka 1916. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, ziwa likawa mlango wa dunia: pamba na ngozi ziliweza kwenda Kisumu kwa meli, na kwa njia hiyo hiyo wafanya biashara kutoka Bara Hindi waliweza kufika. Mwaka 1928 reli ya Tabora nayo ikafika Mwanza, ikaleta watu wa kati na wa pwani. Wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoka kupangiwa bei, waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho moja mwaka 1955. Hivyo ndivyo miji ya maji ikuavyo ulimwenguni. Mbali sana na hapa, katika nchi ya Ajentina, mji wa Rosario kando ya mto Paraná ulikuzwa na ngano na mahindi, na nafaka hizo zikawavuta Waitaliano na Wahispania kuvuka bahari. Mwanza ulikuzwa na pamba, kisha na samaki. Kitu kinachosafirishwa hutofautiana, lakini sheria ni moja: mzigo huondoka, na baadhi ya waliouleta hubaki.

Mtu wa Katoro alipita Makoroboi, ambapo wachuuzi hupanga nguo na viatu karibu na hekalu la Wahindu, akasikia adhana upande mmoja na kengele upande mwingine. Hakwenda Igoma siku hiyo. Alijiambia kwamba jua limekwisha kuwa kali. Ukweli ni kwamba miguu yake ilikataa. Akateremka Kirumba, mahali paitwapo Mwaloni, kwenye soko kubwa la samaki na dagaa wakavu.

Neno hilo lilimshangaza, kwani kwao Katoro mwalo ni mahali pa kuchenjulia dhahabu: mawe yaliyosagwa kwenye karasha humwagwa na maji juu ya ubao ulioinama, vumbi likaenda na kizito kikabaki. Kwa watu wa ziwa, mwalo ni ufuko unapofikia mitumbwi na samaki wake. Hapo alikuta magunia yamepangwa kama kuta, na wanunuzi kutoka Kongo na nchi nyingine wakibishania bei kwa Kiswahili cha kila namna, mmoja akikivuta, mwingine akikikata, wote wakielewana pale fedha inapotajwa.

Alimsalimu mama mmoja wa makamo ya uzee, aliyekuwa akipepeta dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gunia au kwa kilo?"

"Sinunui, mama. Natazama tu. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Mama yule alicheka. "Mimi ni Mjita. Marehemu mume wangu alikuwa Mkerewe. Huyu anayefunga magunia ni Mha, na mwenye mizani ni Msukuma ambaye mama yake ni Mwarabu wa Tabora. Mwanangu, mwalo hauna wenyeji. Una waliotangulia na waliofuata." Kisha akamtazama usoni. "Nawe umefuata nini?"

Akamweleza. Mama aliacha kupepeta. Hakumpa pole kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba siku zile za Mei yeye na wenzake hawakuuza kitu, walikaa ufukweni wakingoja pamoja na watu wasiowajua. Akamfungia dagaa katika karatasi, akakataa fedha. "Mpelekee mzee wako," alisema. "Na kesho uende mapema, kabla ya jua."

Alikwenda mapema. Igoma ilikuwa kimya kwa namna ya mahali palipozungukwa na makelele: magari yaendayo Musoma yalivuma barabarani, lakini ndani ya makaburi ilisikika sauti ya jembe tu. Mzee mmoja alikuwa akipalilia. Mtu wa Katoro alipita safu kwa safu, akitafuta asichoweza kukipata, yaani jina. Alikuwa amejiandaa kulia, na machozi hayakuja. Mahali pake ilikuja aibu, aibu ya mtoto aliyefika bila kujua amwamkie nani. Hatimaye alisimama karibu na yule mzee, akamwamkia.

"Marahaba," mzee alijibu. "Una wako hapa?"

"Mama yangu. Sijui ni lipi."

"Mimi nina kaka yangu," mzee alisema. "Nami sijui ni lipi. Zamani nilijichagulia moja nikalipalilia hilo peke yake, nikaona nadanganya. Sasa napalilia yote ninayoweza."

Akaendelea na kazi. Alieleza, bila kuinua kichwa, kwamba ifikapo tarehe 21 Mei watu huja kutoka kila upande. Kwamba Waislamu huomba dua na Wakristo husali, na kwamba yeye huitikia amina za pande zote mbili, kwa kuwa hajui aliyelala kando ya kaka yake alikuwa wa dini gani. Baada ya kitambo alimnyoshea mgeni jembe. Mtu wa Katoro alilipokea, akavua koti, akapalilia mpaka jua likawa juu ya vichwa vyao. Katika kupalilia huko ndiko machozi yalikomjia, na mzee yule alikuwa na adabu ya kutazama upande mwingine.

Alirudi Katoro siku ya pili. Mzee wake alikuwa kibarazani mbele ya duka, mahali pake pa kila siku, pamoja na wazee wengine watatu: Msukuma mmoja, Muha mmoja na Mkurya mmoja, watu waliochimba naye duara moja enzi za ujana, waliowahi kufukua kifusi kwa mikono siku kilipomfunika mwenzao. Mwana aliweka dagaa mbele yao, akaketi chini. Alisimulia daraja, mji, mwalo na makaburi. Baba yake alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza lile moja alilotaka kulijua.

"Amelala na nani?"

"Baba, amelala na waliosafiri naye."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Mkurya alikohoa, akatazama barabara. Hatimaye baba alisema, "Basi nami mtanizika na niliosafiri nao." Akanyosha mkono akaonja dagaa.

Yako mambo mawili ambayo mtu huyaita kwao, na lugha haikuyatenga vizuri. Liko kwao lile alilokabidhiwa kabla hajapata akili, nalo halifutiki. Na liko kwao lile alilojifanyia kwa kubeba na kubebwa, nalo haliandikwi mahali popote. Mwenye hekima hatumii moja kulipigia jingine. Lakini jeneza ni moja, na njia zake ni mbili, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Ndugu wa Bukoba hakuridhika. Alikasirika katika simu, akakata, akapiga tena baada ya siku tatu, akakata tena. Mwezi wa Septemba alishuka katika basi hapo Katoro bila taarifa, ameshika gunia lenye mche wa mgomba uliofungwa udongo wake. Aliwasalimu wazee wa kibarazani mmoja mmoja, akauliza jembe liko wapi, akaenda nyuma ya nyumba.

"Kama yeye hatakuja kibanjani," alisema, "kibanja na kije kwake."

Wazee wanne walimfuata kumwonyesha mahali pasipo na mawe. Mzee yu hai bado, na mgomba umeshika.