Pikipiki ya Marehemu Baba

Pikipiki iliyolala ghalani miaka tisa haiamshwi kwa kiki, yaani lile teke la kuwashia. Pete za pistoni zikiwa zimeshikwa na kutu, teke moja laweza kuikwaruza silinda, na gharama ikapanda maradufu. Mimi na mdogo wangu tulichomoa plagi, tukamimina oili kidogo ndani ya silinda, tukaiacha usiku kucha. Kesho yake tuliweka gia ya juu, tukalizungusha gurudumu la nyuma kwa mikono mpaka injini ikalegea.

Ni Honda CG125, aliyoitumia marehemu baba alipokuwa bwana shamba huku Busia, upande wa Uganda. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikikusudiwa nchi ambako matunzo ni haba. Ndiyo maana mnyororo wake umefunikwa kwa bati. Tuliukuta ungali mzima. Kabureta ndiyo iliyotutoa jasho. Petroli iliyosalia ndani ilikuwa imekauka na kuacha ulimbo wa hudhurungi, ukaziba kitundu chembamba kama tundu la sindano. Tulikizibua kwa unywele wa brashi na petroli safi. Usitumie msumari: kitundu kikipanuka, injini itabugia mafuta. Matairi nayo yalionekana mazima, kumbe mpira umepasukapasuka ubavuni; tulinunua mapya. Hapo usibane pesa.

Ilipowaka, mdogo wangu alitaka kuanza boda boda asubuhi iliyofuata. (Jina hilo lilizaliwa mpakani hapa petu, enzi za vijana wa baiskeli waliovusha abiria, asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka.) Ana watoto wawili na hana kazi, sikumlaumu. Lakini kadi ya usajili ina jina la baba, na marehemu hatii sahihi. Bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ni lazima kwa sheria. Isitoshe, chombo kile ni mirathi: ni cha mama na cha sisi watoto watano, wakiwemo dada zetu walioolewa.

Tulikaa kikao. Dada mkubwa aliuliza kwa nini mali ya baba ikitengenezwa tu huwa ya wana wa kiume. Hapakuwa na aliyejibu upesi. Mwishowe tulikubaliana kwamba yeye ndiye atakayeiomba mahakama barua ya usimamizi wa mirathi; kadi ikishabadilishwa, mdogo wetu ataiendesha na kumletea mama sehemu ya mapato.

Hakufurahi. “Kaka,” aliniambia, “karatasi haziliwi.” Nami sikuwa na jibu la kumshibisha, maana shughuli za mahakamani huchukua miezi, na watoto hula kila siku. Tumeanza kuchanga unga wa nyumba yake, kila mmoja kwa uwezo wake.

Ufunguo anao mama. Jumamosi mdogo wangu huja kuuomba, huiwasha pikipiki dakika kumi uani ili kabureta isizibe tena, kisha huizima na kuurudisha.