Tinti isiyo na rangi

Kioo cha mbele hatukukigusa. Kina tabaka la plastiki katikati, nalo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua. Vya pembeni ndivyo vinavyopitisha, na mdogo wangu mwenye ualbino hukaa hapo kila tukienda kliniki Moshi, amejifunika khanga njia nzima.

Fundi alishauri tinti nyeusi. Mdogo wangu akakataa.

"Dada, mimi gari la vioo vyeusi nikiliona nakimbia. Halafu nipande?"

Anajua kwa nini tulikuwa tunamsindikiza shule. Nikaagiza Arusha ile ya wazi, inayokinga ngozi bila kuficha sura.

Karatu, adui wa kazi hii ni vumbi jekundu. Tulianza alfajiri, uwanja umemwagiwa maji, kabla landkruza za watalii hazijaanza kukimbilia geti la Lodoare. Kioo kinaoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kinapanguswa, kinaoshwa tena. Yeye akashika pembe mbili, mimi nikabandua karatasi ya mgongo, tukailaza tinti ikiwa imelowa ili iteleze mpaka ikae. Maji tuliyasukuma kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya benki iliyozungushiwa kitambaa. Vioo havishushwi kwa siku kadhaa. Hilo ndilo lililomshinda baba.

Nyuma kushoto ilibaki punje moja ya vumbi yenye kiputo. Mdogo wangu anaiita Kreta.

Wiki iliyofuata, tukiteremka kwenda Mto wa Mbu, alikaa upande wa jua, khanga mapajani, akihesabu nyani.